Mkutano wa Michezo Ukifika Nyumbani: Mwenyeji Ajiandae Vipi?

Agosti 10, 2022, viongozi wa vyama vya soka kutoka kila pembe ya Afrika walikutana jijini Arusha katika Mkutano Mkuu wa Kawaida wa 44 wa Shirikisho la Mpira wa Miguu Afrika (CAF). Rais wa CAF, Patrice Motsepe, na Rais wa FIFA, Gianni Infantino, walikuwapo. Jiji lililozoea wajumbe wa Jumuiya ya Afrika Mashariki na watalii wa Ngorongoro na Serengeti liligeuka, kwa muda mfupi, kuwa mahali ambapo biashara ya soka la bara zima inajadiliwa.

Tukio hilo linapaswa kutazamwa upya sasa, wakati Tanzania, Kenya na Uganda zinajiandaa kuwa wenyeji wa Fainali za Mataifa ya Afrika (AFCON) mwaka 2027. Fainali hutanguliwa na mikutano, semina, kaguzi na vikao vya wadhamini. Swali kwa mwananchi ni moja: shughuli hizo zinapofanyika nyumbani, kijana wa Arusha, au wa Kata ya Gorong'a wilayani Tarime, anaingia kwa mlango upi?

Mkutano ni soko la kazi

Mfano ulio wazi zaidi unatoka katika besiboli ya kulipwa nchini Marekani. Kila Desemba, viongozi wa klabu, mawakala wa wachezaji, wauzaji wa vifaa na waandishi wa habari hukutana katika mji mmoja. Mwaka 2022 walikutana San Diego, 2023 Nashville na 2024 Dallas. Habari zinazotoka huko ni za wachezaji waliosajiliwa kwa fedha nyingi. Hata hivyo, kwa miaka mingi mikutano hiyo imekuwa pia mahali ambapo vijana waliomaliza vyuo hutafuta kazi katika klabu ndogo: kuuza tiketi, kutunza nyasi za uwanja, kuandaa matangazo, kuchambua takwimu na kutibu majeraha.

Kwa kijana anayetoka mbali, safari hiyo ina gharama ya nauli, hoteli na chakula kabla hajapata hata mahojiano. Kijana mwenyeji hulala kwao na kufika ukumbini kwa basi la mjini. Anaokoa fedha na anaijua mitaa, lakini faida hiyo haina maana ikiwa hana wasifu ulioandikwa vizuri na ujuzi anaoweza kuuonesha. Ukaribu humpunguzia gharama tu. Kazi hupatikana kwa maandalizi.

Kutoka tangazo hadi utekelezaji

Mkutano wa Arusha unatoa pia somo la namna ya kusoma matangazo. Hapo ndipo CAF ilipozindua mpango wa Ligi Kuu mpya ya klabu za Afrika, ukitajwa kuwa wa timu 24 na zawadi za jumla ya dola za Marekani milioni 100. Mashindano yalipoanza mwaka uliofuata yalikuwa na timu nane na jina jipya, African Football League. Mechi ya ufunguzi ilichezwa Oktoba 20, 2023 katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam, ambapo Simba ilitoka sare ya 2-2 na Al Ahly ya Misri.

Mpango ulipungua ukubwa, lakini ulitekelezwa, na Tanzania ilikuwa mwenyeji wa uzinduzi ukumbini na uwanjani. Mfanyabiashara au kijana anayepanga maisha yake kwa kufuata matangazo hana budi kutofautisha hatua tatu: nia iliyotamkwa, mkataba uliosainiwa na kazi iliyoanza. Mtaji huwekwa salama zaidi katika hatua ya pili na ya tatu. Hatua ya kwanza ni wakati wa kujifunza na kukamilisha nyaraka.

Nyaraka kabla ya kipaji

Umuhimu wa nyaraka unaonekana katika historia fupi ya besiboli ya Afrika Mashariki. Mwaka 2011, timu ya watoto kutoka Uganda ilifuzu kucheza fainali za dunia za Little League huko Williamsport, Pennsylvania, lakini haikusafiri kwa sababu viza zilikataliwa kutokana na utata wa taarifa za umri na kuzaliwa kwa wachezaji. Mwaka uliofuata, timu ya Lugazi ilifuzu, ikasafiri na kuwa ya kwanza kutoka Afrika kucheza fainali hizo. Kipaji kilikuwapo katika miaka yote miwili, lakini mwaka 2011 safari ilikwama kwa sababu ya karatasi.

Tanzania nayo ina mchezo huo. Kwa ushirikiano na wadau kutoka Japani, besiboli na softiboli vimefundishwa shuleni, na Shule ya Sekondari Azania jijini Dar es Salaam ina uwanja wa besiboli unaobeba jina la Koshien, uwanja maarufu wa Japani uliofunguliwa mwaka 1924. Mchezo mchanga kama huu huhitaji waamuzi, makocha na watunza kumbukumbu mapema kuliko nyota.

Tarime iko njiani

Wilaya ya Tarime haina uwanja wa AFCON. Lakini ina Sirari, mpaka unaounganisha barabara kuu ya Mwanza na Musoma na mji wa Isebania, Kenya. Fainali zinazochezwa katika nchi tatu zitawafanya mashabiki wavuke mipaka, na msafiri huhitaji malazi, chakula, usafiri, huduma za fedha na mtu wa kumwelekeza. Kijana wa Gorong'a anayezungumza Kiswahili, Kikuria na Kiingereza cha kueleweka ana bidhaa ya kuuza, ilimradi huduma yake iwe rasmi.

Milango iliyopo inafahamika. Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya kiko Kwimba, mkoani Mwanza, ndani ya Kanda ya Ziwa. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi: asilimia nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Sheria ya ununuzi wa umma nayo imetenga asilimia 30 ya ununuzi wa taasisi kwa makundi maalumu, na zabuni za Serikali hutangazwa kupitia mfumo wa NeST. Kikundi kisichosajiliwa hakiwezi kuupita mlango wowote kati ya hiyo.

Kwa mzazi, hatua ya kwanza ni cheti cha kuzaliwa cha mtoto anayecheza UMITASHUMTA au UMISSETA, chenye jina na tarehe zinazofanana na za shuleni. Kwa kijana ni kitambulisho cha taifa, namba ya mlipakodi na usajili wa kikundi. Kwa halmashauri ni kubandika matangazo ya fursa katika ofisi za kata na vijiji, kwa kuwa si kila kaya ina intaneti.

Mwenyeji halipi nauli kuufikia mkutano, na hiyo ndiyo faida yake kubwa. Muda uliobaki kabla ya 2027 unatosha kukamilisha nyaraka hizo, lakini hautoshi kwa anayesubiri wageni wafike ndipo aanze.