Waipa si Kazi ya Baba Watoto Peke Yake

Mwezi huu hatuzungumzii fumanizi, wala simu yenye namba ya siri, wala mawifi wasiobisha hodi. Tunazungumzia waipa. Ndiyo, zile zile za kufuta maji kwenye kioo cha mbele cha gari. Usicheke, na usikimbilie ukurasa wa mapishi. Vitu hivi vidogo vinaleta kasheshe kwenye ndoa za watu kuliko unavyodhani, na mvua ikinyesha vinaleta kasheshe kubwa zaidi barabarani.

Chukua kisa cha dada mmoja wa Tabata, ambaye ameniruhusu nikisimulie ilimradi jina lake nisilitaje. Ana mume, watoto wawili na kigari cha mtumba kutoka Japani ambacho anakiendesha yeye kila siku, nyumbani kazini, kazini shuleni, shuleni nyumbani. Msimu wa masika ulipoanza, waipa zake zilikuwa zimekwisha. Zinapita kwenye kioo zinalia kama mlango wa stoo, halafu maji yanabaki pale pale. Akamwambia baba watoto. Baba watoto akajibu, usijali, wikiendi nitashughulikia. Wikiendi hiyo kukawa na harusi. Iliyofuata kukawa na mpira. Ya tatu akasema si umkumbushe mtu mapema?

Jioni moja mvua ikamkuta barabara ya Mandela, giza linaingia, watoto wako kiti cha nyuma, mbele anaona taa zilizopondekapondeka tu. Akaegesha pembeni, akakaa pale karibu nusu saa mpaka mvua ikapungua. Alipofika nyumbani hakutaja waipa kabisa. Alichosema ni kwamba mume wake hampendi. Mzee wa watu akabaki ameduwaa na rimoti mkononi. Wiki mbili hawakuongea vizuri.

Sasa wewe hapo ungemwambia nini? Mashoga zake walishamwambia: mwanaume akijali huoni hata tairi likiisha upepo. Mimi nilimwambia ayatenganishe mambo mawili. Waipa abadilishe mwenyewe Jumamosi hiyo hiyo asubuhi, dakika kumi, bila kumsubiri mtu. Suala la kujaliwa na kutojaliwa wakaliongee Jumapili wakiwa wametulia, kwa sababu hilo halikuanza na mvua na wala halitaisha kwa kununua waipa. Ukiyachanganya, kila tone likidondoka unaona ni ushahidi wa kesi yako, na huku hujaona bodaboda aliye mbele yako.

Na hapo sitanii. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa linakula karibu mita 14 kila sekunde. Kioo kikiwa na ukungu wa maji kwa sekunde tatu tu, umeshapita zaidi ya mita 40 kwa kubahatisha. Ndani ya mita hizo anaweza kuvuka mtoto wa shule mwenye mwavuli mweusi, au mkokoteni usio na taa. Wao hawajui kama wewe na shemeji mmenuniana.

Hivi nani alisema waipa ni mambo ya wanaume? Kati ya watu wa kwanza kabisa kupata hati miliki ya kifaa hiki yumo mwanamke, Mary Anderson wa Alabama, Marekani. Alikuwa New York kipindi cha baridi akiwa ndani ya tramu, akaona dereva anahangaika na kioo kilichojaa theluji. Akabuni mkono wenye raba unaofuta kioo kwa nje, huku dereva anauchezesha kwa kishikio akiwa ndani. Hati miliki aliipata Novemba 1903. Kampuni moja ya Kanada aliyoipelekea ubunifu wake ilimjibu kwamba hauna thamani ya biashara. Muda wa hati yake ukaisha mwaka 1920, na magari yalipozagaa yote yakiwa na waipa yeye hakuambulia kitu. Mwaka 1917 mwanamke mwingine, Charlotte Bridgwood, akapata hati miliki ya waipa inayotumia umeme. Kwa hiyo shosti, ukiinua mkono wa waipa usihisi umeingia kwenye kijiwe cha watu.

Utajuaje zimechoka? Sikiliza na uangalie. Waipa nzima hupita kimya na kuacha kioo kikavu. Iliyochoka huacha michirizi, au hurukaruka kwenye kioo tu-tu-tu, au hulia. Siri iko kwenye ule ukingo mwembamba wa raba. Kila waipa inapogeuza njia, ukingo huo unapaswa kulala upande wa pili, kama ufagio unavyolala unapofagia. Raba ikikauka haigeuki tena, inakwaruza. Na kwetu kinachoikausha si kutumika, ni jua. Gari linashinda kwenye maegesho bila kivuli kuanzia asubuhi mpaka jioni, kioo kinakuwa kama kikaango, na vumbi la mtaani linakamilisha kazi. Ndiyo maana kiangazi kikiisha unakuta waipa ambazo hazijagusa maji miezi kadhaa zimepasuka. Mimi huzibadilisha kila mwaka kabla ya masika, hata kama bado zinajikongoja.

Kabla ya kununua, pima. Chukua futi ya fundi cherehani upime kila waipa kutoka ncha hadi ncha, uandike kwenye simu. Mara nyingi mbili hizo hazilingani. Ya upande wa dereva ndiyo huwa ndefu. Paketi nyingi zimeandikwa inchi au milimita, na inchi moja ni kama milimita 25. Piga na picha ya pale waipa inapoungana na mkono wake, kwa sababu muuzaji atakuuliza. Ukifika dukani Kariakoo na picha na vipimo, huna haja ya kubembeleza wala kudanganywa. Wale vijana wanaotembeza waipa kwenye foleni sina ugomvi nao, ila nao uwapimie. Itoe kwenye paketi, ikunje raba kwa kidole. Iwe laini, imenyooka, isiwe na mipasuko. Waipa iliyoanikwa juani mezani miezi sita ni mpya kwa jina tu.

Halafu kuna hili ambalo mafundi wengi hawakuambii: magari mengi ya Japani unaweza kubadilisha raba peke yake ukabakiza fremu. Ni nafuu. Unavuta raba ya zamani kutoka upande wenye kifungio, inateleza yote inatoka. Ndani yake kuna vipande viwili vyembamba vya chuma; vitoe, uviweke kwenye raba mpya vikiwa vimeelekea vilevile vilivyokuwa, halafu uirudishe kwenye vishikio kimoja kimoja. Ukiruka kishikio kimoja, raba itachomoka katikati ya mvua. Kama fremu imelegea au ina kutu, nunua kamili tu.

Haya, twende kwenye gari. Zima, toa ufunguo. Kunja taulo au kanga nzito uitandike juu ya kioo cha mbele. Usiidharau hiyo kanga. Mkono wa waipa una springi kali, na waipa ikishatoka kinachobaki ni chuma kitupu. Ukiponyoka kinashuka kama nyundo, na kioo cha mbele kikipata ufa utatamani ungenunua waipa dazeni. Inua mkono mpaka usimame wenyewe. Kuna magari ambayo waipa zake zimejificha chini ya ukingo wa boneti na hazisimami, hizo usizilazimishe. Kwa mengi ya namna hiyo unazima gari kisha unagusa swichi ya waipa papo hapo, zenyewe zinapanda katikati ya kioo na kukaa. Kitabu cha gari kinaeleza.

Sasa angalia maungio. Kwa magari mengi utakuta ncha ya mkono imepinda kama mpini wa bakora, na ndani ya hiyo bakora kuna kiplastiki chenye kilimi. Geuza waipa ikae kama msalaba na mkono wake, bonyeza kilimi kwa kidole gumba, halafu isukume waipa kushuka kuelekea chini ya mkono, upande wa boneti. Hapo ndipo wengi wanapokwama, kwa sababu wanavuta kwenda juu. Inashuka kwanza, ikishaachia ndiyo unaitoa. Ikigoma, ni vumbi. Ipanguse, imwagie maji kidogo, ujaribu tena. Usichukue bisibisi ukaanza kuchokonoa.

Mpya inaingia kwa njia hiyo hiyo kinyumenyume. Pitisha bakora kwenye tundu, vuta juu mpaka isikike ka! Kama haijasema ka, haijaingia. Itikise. Ondoa kiplastiki kinachofunika raba, maana nimeshaona gari linatembea nacho wiki nzima. Kisha shusha mkono polepole kwa mkono wako, usiuachie. Fanya moja uimalize ndipo uende ya pili, ili ukisahau uwe na ya kuigizia. Kama gari lako lina maungio ya kitufe au ya pini ya pembeni, fungua ile paketi vizuri. Mara nyingi ndani kuna viplastiki vya aina mbalimbali, na karatasi yenye michoro. Ya nyuma, kwa wenye nayo, ina maungio yake. Piga picha kabla hujaigusa.

Rusha maji kioo kizima ndipo uwashe. Zikigongana, umebadilisha ndefu na fupi. Zikiacha ukungu wa mafuta, usirudi dukani kugombana, kosa ni la kioo. Moshi wa magari unaacha utando ambao maji matupu hayautoi. Kioshe kwa sabuni ya vyombo, suuza sana, kisha kaushia gazeti la jana. Na tafadhali usipake raba dizeli wala mafuta ya taa eti ziwe laini. Zitang'aa siku mbili, halafu zitavimba na kuharibika.

Nanyi akina kaka mnaosoma jarida la wake zenu kwa kuibia, nina neno. Wengi wenu mnaahirisha si kwa sababu hamjali. Hamjawahi kubadilisha waipa maishani, siku zote mmempa fundi, na sasa mnaona aibu kusema sijui mbele ya mwanamke anayewaamini. Sema tu. Nendeni nje wote wawili na futi na kanga yenu. Mume wa yule dada wa Tabata, nilivyoambiwa, alitoka na kikombe cha chai kutazama, akauliza kwa nini waipa inashushwa badala ya kuvutwa juu. Hilo swali lilijibu mengi kuliko wiki mbili za kununiana. Jumapili yao sikuulizia, si yangu.

Zikishakaa, zifute kwa kitambaa chenye maji kila unapoosha gari, utashangaa uchafu unaotoka. Asubuhi usiwashe waipa kwenye kioo kikavu chenye vumbi, kwa sababu ule mchanga unakwaruza kioo na kula raba kwa mpigo mmoja; anza na maji ya kurushia, na hakikisha hicho kidumu chake ndani ya boneti hakijakauka. Ukiegesha juani kutwa, kipande cha boksi juu ya kioo, waipa zikilalia juu yake, kinasaidia. Za zamani usitupe zote. Ile iliyo nzima kidogo funga na mpira uiweke kwenye buti, ipo siku mwizi wa maegesho atakukumbuka.

Mawifi tutawarudia mwezi ujao.