Ukipanda Mlima Kenya, usichague godoro kwa uzito pekee

Vijana wetu wengi siku hizi wanapanda Mlima Kenya, na hilo ni jambo la kufurahisha. Baadhi yao hupitia kwangu kupimwa shinikizo la damu na kuuliza ni dawa gani wabebe. Ninapowauliza watalalia nini, wengine hucheka wakidhani daktari ameacha kazi yake. Wenye jibu hunitajia uzito: godoro la kujaza hewa la gramu 400, likikunjwa linatoshana na chupa ya maji.

Msomaji, uzito ni jambo la pili. La kwanza ni baridi ya ardhi.

Katika kambi ya Shipton, mita 4,200 juu ya usawa wa bahari, maji huganda usiku. Ukilala hemani, mfuko wa kulalia hukukinga na hewa baridi iliyo juu yako na kando yako. Lakini upande wa chini unaulalia mfuko wenyewe, nyuzi au manyoya yake hubanwa, na joto la mgongo na nyonga likaingia ardhini usiku kucha. Ndiyo maana mtu huvaa sweta tatu na bado akatetemeka hadi alfajiri.

Wazee wetu walituonya kwamba kulala chini penye baridi huleta nimonia. Nimonia huletwa na viini. Hatari ya mlimani ni nyingine, nayo ni joto la mwili kushuka chini ya nyuzi 35. Mtu huanza kwa kutetemeka, kisha maneno humtoka kwa shida, hupepesuka kama mlevi, na mwishowe huacha kutetemeka. Wenzake husema amepata nafuu, kumbe ndipo amezidiwa. Isitoshe, kupepesuka huko kwaweza kuwa dalili ya ubongo kuvimba kwa sababu ya mwinuko, na mgonjwa wa aina hiyo hangojei asubuhi. Huteremshwa papo hapo.

Sasa tuje kwenye godoro lenyewe. Unene hudanganya. Godoro la sentimita 8 lenye hewa tupu ndani yake halina joto, kwani hewa hiyo husogea kila unapojigeuza na kupeleka chini joto uliloipa. Tafuta lililotiwa nyuzi, manyoya au utando unaong'aa ndani, kisha usome kipimo kiitwacho R, ambacho huonyesha jinsi godoro linavyozuia joto lisipotee. Tangu 2018 kuna kanuni moja ya upimaji, ASTM F3340, na ukiiona imetajwa unaweza kulinganisha magodoro ya makampuni mbalimbali bila kubabaishwa. R ya 1 au 2 yatosha ufuoni Diani. Kwa Mlima Kenya, mimi singekubali chini ya 4. Ukiongezewa gramu 200 kwa ajili hiyo, hizo hazifiki nusu ya pakiti ya maziwa.

Utaniambia ni ghali, na ni kweli. Basi weka sponji ngumu ya kukunja chini ya godoro la bei nafuu. Vipimo vya R hujumlishwa: 2 na 2 ni 4. Aidha sponji haipati pancha, ilhali godoro la hewa likitoboka saa nane za usiku unabaki umelalia plastiki. Viraka ubebe hata hivyo.

Usilijaze kwa mdomo. Kule juu pumzi ni haba, utashikwa na kizunguzungu, na unyevu wa pumzi yako utabaki ndani. Tumia mfuko wa kujazia. Wenye maumivu ya mgongo wasilijaze likawa gumu kama ubao. Lala ubavu, utoe hewa kidogo kidogo mpaka nyonga ikaribie ardhi bila kuigusa. Likilegea usiku usikimbilie kudhani limetoboka. Hewa ikipoa hunywea.

Liko jambo moja linaloniudhi. Utamkuta mpandaji amelala juu ya godoro la R 5, na mpagazi aliyemchukulia shanta tangu langoni amelala juu ya karatasi ya nailoni. Joto la mwili wa mpagazi ni nyuzi 37 kama lako, na akizidiwa mlimani hakuna wa kubeba mzigo wala wa kumbeba yeye. Kabla hamjaondoka Nanyuki, mwombe akuonyeshe atakacholalia. Kama hana, mnunulie sponji hapo hapo mjini, na mkishuka umwachie.