Kura 87 za Sanduku Namba 13

"Siasa ni mchezo mchafu, ukitaka usafi kaa nyumbani." Haya maneno nimeyasikia kwa vijana wenzangu mpaka nimechoka, na siku hizi wameyatafutia mfano wa ng'ambo. Eti Lyndon Johnson wa Marekani aliingia kwa kura za wizi, lakini si ndiye aliyetia saini sheria ya haki za watu weusi? Sawa. Tuliangalie hilo jambo, maana wengi wanaolitaja hawalijui.

Johnson aliingia bungeni 1937 akiwa na miaka 28, rika letu hili. 1941 akawania useneta wa Texas akashindwa kwa kura 1,311. Alikuwa akiongoza, watu wake wakatangaza hesabu zao mapema, wapinzani wakajua wanahitaji ngapi, na zikapatikana. Mtu aliyeibiwa hivyo angeweza kusema huu uchafu uishe. Yeye alichojifunza ni kwamba usitangaze mapema.

1948 akarudi. Mpinzani wake Coke Stevenson, aliyekuwa gavana, alikuwa anapendwa, na duru ya kwanza ya mchujo alimwacha Johnson kwa zaidi ya kura 70,000. Johnson alikuwa na pesa za kampuni ya ujenzi ya Brown & Root, na helikopta ya kutua vijijini watu wakimbie kuishangaa. Texas ya wakati huo, ukishinda mchujo wa Democrat umeshafika Washington. Hilo sisi hatuhitaji kuelezwa.

Duru ya pili ilikuwa tarehe 28 Agosti. Karibu watu milioni moja walipiga kura na hesabu ikawa inacheza huku na huku kwa siku kadhaa, Stevenson akiwa mbele kidogo. Siku ya sita likaibuka sanduku namba 13 la mji wa Alice, kaunti ya Jim Wells. Kura 765 za Johnson zimekuwa 965. Saba imechorwa ikawa tisa, basi! Watu wa Stevenson walipofika kuiona rejista ya kituo, walikuta majina 202 yameongezwa mwishoni, wino tofauti, mwandiko mmoja, tena yamepangwa kwa alfabeti. Hebu fikiria foleni ya wapiga kura waliojipanga wenyewe kuanzia A. Mia mbili walimchagua Johnson. Wawili wakaachiwa Stevenson, nadhani kwa adabu.

Johnson akashinda kwa kura 87.

Na majina yale yalikuwa ya nani? Hapa ndipo watetezi wake huwa wanapita mbio. Yalikuwa hasa majina ya Wamarekani wenye asili ya Mexico, watu maskini wa kusini mwa Texas waliokuwa chini ya bosi mmoja, George Parr. Kulikuwa na kodi ya kupiga kura, na mabosi wa huko waliwalipia watu wao kisha wakazitumia kura zao wanavyotaka. Kaunti ya Duval, ngome ya Parr, ilimpa Johnson zaidi ya kura 4,000. Za Stevenson hazikufika hamsini. Baadhi ya waliokuwa kwenye ile orodha ya 202 walisema hawakupiga kura siku hiyo. Kwa hiyo mtu akikwambia Johnson alikuwa mtetezi wa wanyonge, muulize alipandia mgongo wa nani.

Najua jibu: hata Stevenson hakuwa malaika. Kweli kabisa. Alikuwa mbaguzi, na miaka ya nyuma kura za Parr ziliwahi kumfaa yeye. Lakini hilo halimpi mtu ruhusa ya kuandika jina la mama wa watu kwenye rejista wakati yuko jikoni kwake.

Kamati ya chama ilimpitisha Johnson kwa 29 dhidi ya 28. Jaji wa shirikisho akasimamisha matokeo, masanduku yakaanza kufunguliwa Alice. Wakili wa Johnson, Abe Fortas, akakimbilia kwa Jaji Hugo Black wa Mahakama ya Juu, na Black akaliondoa lile agizo. Ufunguaji ukakomea hapo. 1965 Johnson, sasa Rais, alimteua Fortas huyo huyo kuwa jaji wa Mahakama ya Juu.

Sheria za 1964 na 1965 alizitia saini, ndiyo, baada ya watu kupigwa na kuuawa barabarani wakizidai. Mwaka huo huo wa 1964 aliliambia bunge habari isiyo kweli kuhusu shambulio la pili Ghuba ya Tonkin, na hatimaye wanajeshi zaidi ya 500,000 wakawa Vietnam. Mimi siwezi kuyatenganisha hayo mawili. Aliyezoea kwamba sanduku halifunguliwi ataogopa nini?

Johnson alifariki 1973. Parr na Stevenson wote wakafariki 1975. Luis Salas, msimamizi wa kura wa lile sanduku namba 13, alifungua mdomo 1977, akawaambia waandishi wa habari kwamba ndiyo, kura ziliongezwa, na yeye alikuwepo.