Mtoto Asitoroshwe: Wajibu wa Jumuiya za Afrika Mashariki Doha

Kumtorosha mtoto kimataifa ni kitendo cha mzazi kumvusha mpaka, au kumzuia asirudi baada ya likizo, bila ridhaa ya mzazi mwenzake wala idhini ya mahakama. Mara nyingi hufanyika kimyakimya. Mtoto hupita Uwanja wa Ndege wa Hamad akiwa na tiketi na pasipoti halali, na baada ya saa tano au sita yuko Nairobi, Dar es Salaam au Entebbe. Mzazi aliyebaki Doha hujua yaliyotokea siku ya kurudi inapopita na simu haipokelewi.

Mkataba wa Hague wa tarehe 25 Oktoba 1980 uliwekwa kwa ajili ya masaibu haya. Nchi wanachama, ambazo sasa zinazidi 100, hutakiwa kumrudisha haraka mtoto wa chini ya miaka 16 katika nchi aliyokuwa akiishi, na mahakama za huko ndizo huamua nani amlee. Katar haimo katika mkataba huo. Kenya, Tanzania na Uganda nazo hazimo. Hivyo mzazi aliyeachwa hulazimika kufungua shauri upya katika nchi alikopelekwa mtoto, huku gharama zikipanda na mtoto akizoea shule na lugha nyingine. Kwa familia hizi, kinga ndiyo ngao kubwa.

Kinga huanza na kuijua sheria ya mahali. Sheria ya Familia ya Katar, namba 22 ya mwaka 2006, humpa mama hadhana, yaani malezi, ya mtoto wa kiume hadi miaka 13 na wa kike hadi miaka 15, lakini baba hubaki msimamizi wake kisheria, na mama hawezi kumsafirisha nje bila idhini yake. Tena, ukaazi wa mtoto mara nyingi umefungwa kwenye ukaazi wa mzazi anayemdhamini, na anayekaa nje ya Katar zaidi ya miezi 6 huweza kuupoteza. Likizo iliyorefushwa makusudi hutosha kumfungia mtoto mlango wa kurudi.

Kwa hiyo kila familia inapaswa kuwa na barua ya ridhaa kabla ya safari. Barua hiyo itaje jina la mtoto, namba ya pasipoti, ndege ya kwenda na ya kurudi, anwani atakakofikia na tarehe ya mwisho ya kukaa huko, na itiwe saini mbele ya ofisa wa ubalozi. Nakala za cheti cha ndoa na cha kuzaliwa, zilizothibitishwa na kutafsiriwa kwa Kiarabu, zihifadhiwe na wazazi wote wawili. Mwenye wasiwasi auandikie ubalozi mapema kupinga mtoto kupewa pasipoti mpya bila ridhaa ya pande zote. Mtoto mwenye uraia wa nchi mbili anahitaji barua katika balozi zote mbili.

Hatari ikikaribia, wakili aombe zuio la safari mahakamani bila kungoja. Ijumaa na Jumamosi ofisi za serikali hufungwa, na ndege haingoji Jumapili. Mtoto akiwa ameshaondoka, polisi na ubalozi waarifiwe siku hiyohiyo, na wakili atafutwe kule alikofikia. Nchini Kenya, ibara ya 53 ya Katiba ya 2010 huyapa maslahi ya mtoto uzito wa kwanza. Kumtorosha tena ili kulipiza humtia mtoto hofu na huharibu kesi. Mzazi anayekimbia kipigo naye asiachwe peke yake: asaidiwe kufika ubalozini na mahakamani, ambako usalama wake na wa mtoto unaweza kuamuliwa kisheria.

Haya hayawezekani kwa juhudi za mzazi mmoja. Jumuiya za Watanzania, Wakenya na Waganda mjini Doha ziweke orodha ya mawakili na wakalimani, zifundishe kuandika barua ya ridhaa kabla ya likizo za shule, na ziwaombe mashehe na wachungaji wasuluhishe mapema. Michango ifuate taratibu, kwa kuwa kuchangisha fedha Katar bila kibali ni kosa.

Nyumbani, wananchi wawatake wabunge na wizara za sheria wahakikishe nchi zao zinajiunga na Mkataba wa Hague. Ibara ya 29 ya Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, ambao nchi hizi tatu zimeuridhia, tayari inazitaka zizuie utekaji wa watoto, hata unaofanywa na wazazi. Moroko ilijiunga na Mkataba wa Hague mwaka 2010 na Tunisia mwaka 2017, kwa hiyo kuwa nchi ya Waislamu wengi si kikwazo. Kila jumuiya iandike ombi lake, ilipeleke ubalozini, na ifuatilie hadi lijibiwe.