TAHARIRI: JEMBE KWANZA, FUNDI BAADAYE



Mvua za vuli zinakaribia, na mezani kwa ushirika yameanza kufika maombi ya mikopo ya kutengeneza viwanja vya nyumba. Sababu ni ile ile: maji yanashuka mlimani, yanapita uani, yanachimba msingi. Hatusemi ni uongo. Nyumba nyingi hapa kijijini mawe ya msingi yako nje. Lakini tukisoma maombi hayo tunashangaa. Mtu anataka kukopa hela za kibarua wa kuchimba mtaro, hela za kupanda majani, hela za kusomba mawe. Hivi jembe lake liko wapi?

Mfuko wetu ni mmoja. Hela ikienda kwenye mtaro, mwenzako atakosa ya mbolea.

Tuanze na kisichogharimu kitu. Uwanja unaofagiliwa kila siku mpaka udongo mtupu, kila mwaka unashuka. Ule ufagio nao unachimba msingi. Karibu na ukuta acha ukoka uote. Penye matone ya paa, panga mawe.

Pili, makinga maji. Kupima usawa hakuhitaji bwana shamba. Chukua fito mbili za mita 2, zifunge juu, weka fito ya kukatiza katikati, kama herufi A. Ning'iniza jiwe kwa kamba kutoka juu. Simamisha, tia alama kamba inapogusa fito. Geuza miguu, tia alama tena. Katikati ya alama hizo mbili ndipo penye usawa. Tembea nayo kukata mteremko, ukichomeka vijiti kila mguu unapokanyaga. Hapo ndipo mstari wa kupanda majani.

Panda vetiva. Hakuna haja ya kununua mbegu: omba shina kwa aliyenalo, lipasue vipande vya machipukizi mawili matatu, panda kila sentimeta 10 hadi 15 mvua zikishaanza. Palipokufa, ziba mapema, maana maji hutafuta pengo. Mizizi yake huenda chini mita 2 hata 3.

Fundi tunamheshimu, naye apewe kazi ya ufundi. Ukuta mrefu wa kuzuia udongo usijijengee kwa kubahatisha. Unataka msingi, na unataka matundu ya kutolea maji, la sivyo maji yatajaa nyuma yake na kuuangusha. Hapo kulipa ni halali. Lakini mawe, mchanga na uchimbaji wa msingi vikiwa tayari, fundi utamlipa kujenga tu.

Wapo watakaosema, ooh, mimi sina nguvu. Wazee na wagonjwa tunawajua, na kwao tufanye msaragambo kama tulivyozoea. Wengine tusijifiche nyuma yao.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitufundisha kwamba fedha ni tunda la kazi, siyo mwanzo wa maendeleo. Kwa hiyo tunapendekeza kwa kamati: mkopo wa ukuta apewe kwanza yule ambaye mtaro wake umekwisha chimbwa na majani yake yamepandwa. Kamati ipite nyumba kwa nyumba, ione kwa macho.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta, ndugu zetu, ni wa mkopo.