Mafunzo ya mwaka 2021: Tunapobishana, nani analipa?

Asubuhi ya Novemba 25 tulifungua simu studio kama kawaida. Siku moja kabla, Waziri wa Elimu, Profesa Joyce Ndalichako, alikuwa ametangaza kwamba wanafunzi walioacha shule kwa sababu mbalimbali, wakiwemo waliopata ujauzito, wataruhusiwa kurudi katika mfumo rasmi wa shule. Nikauliza swali moja tu: unakubali au unakataa?

Simu ziliingia hadi muda ukaisha. Wengi walikataa, wachache walikubali, na wawili walitaka kutupigia kelele tu. Nilitoka studio nikiwa na furaha, maana kipindi kilichangamka.

Mchana nikafungua ujumbe wa simu. Mama mmoja wa hapa Nyahanga alikuwa ameandika: "Mwanangu, leo mmeongea wanaume tu. Mimi ninaye huyo binti ndani. Nilijaribu kupiga, salio likaisha nikisubiri."

Ni kweli. Nilirudia kusikiliza rekodi ya kipindi. Waliopiga wote walikuwa wanaume. Swali langu lilikuwa "unakubali au unakataa", kana kwamba tunashangilia mpira, na mwenye jambo lake nyumbani alibaki nje akisubiri laini.

Ujumbe ule umenifanya niupitie upya mwaka mzima wa mijadala yetu. Tumebishana mengi mwaka huu. Nimechagua manne yaliyogusa Kahama, Shinyanga na Geita, na kila moja nimeliuliza swali ambalo sikuliuliza hewani: gharama inamwangukia nani?

Mgodi uliofungwa

Mwaka ulituanza vibaya. Machi 17 tulimpoteza Rais John Magufuli, akazikwa Machi 26 nyumbani kwake Chato, mkoa wa jirani wa Geita. Wengi wa wasikilizaji wetu walisafiri kwenda kumuaga. Rais Samia Suluhu Hassan aliapishwa Machi 19.

Msiba ule ulijaza masikio yetu, na huenda ndiyo maana jambo la Julai halikupata uzito wake. Mgodi wa Buzwagi, ulioanza kuzalisha dhahabu mwaka 2009 hapa hapa Kahama, ulimaliza uzalishaji. Kuna waliosema "wameondoka wezi", na kuna waliolia ajira. Tulibishana kuhusu wazungu na makinikia kama vile bado tuko mwaka 2017.

Jambo lililotuhusu zaidi ni hili. Kwa sheria ya fedha za serikali za mitaa, kampuni hulipa halmashauri ushuru wa huduma, ambao hauzidi asilimia 0.3 ya mauzo yake. Asilimia hiyo inaonekana ndogo kama punje, lakini mauzo ya mgodi mkubwa ni makubwa, na punje hiyo hujenga madarasa na zahanati. Mgodi ukisimama, ushuru unasimama. Wenzetu wa Halmashauri ya Msalala bado wanao mgodi wa Bulyanhulu. Manispaa ya Kahama inabidi itafute pengo lake kwingine, na kwingine huko ni sokoni, kwenye mpunga, kwenye viwanda vidogo na kwa mama lishe.

Serikali imesema eneo la Buzwagi litageuzwa kuwa eneo maalumu la uwekezaji. Ni mpango mzuri, na tutaufuatilia. Lakini kiwanda hakioti kwa msimu mmoja kama choroko. Kati ya mgodi kufungwa na kiwanda kufunguliwa kuna miaka, na katika miaka hiyo kuna mtu aliyekuwa akipangisha chumba, mwingine akiuza chipsi getini, mwingine akiosha magari. Hao hawakuwa kwenye orodha ya waliolipwa stahiki zao za kuachishwa kazi.

Funzo la kwanza: dhahabu ina mwisho. Anayeishi jirani na mgodi aanze kuuliza kuhusu kufungwa kwake siku mgodi unapofunguliwa. Wa Geita na Msalala, ninyi bado mna muda wa kuuliza.

Tozo ya kwenye simu

Julai 15 ilianza tozo ya miamala ya simu. Ilikuwa kati ya shilingi 10 na shilingi 10,000 kwa muamala, kutegemea kiasi unachotuma au kutoa. Kelele zilipokuwa nyingi, Rais aliagiza iangaliwe upya, na kuanzia Septemba ikapunguzwa kwa asilimia 30. Serikali ilieleza kuwa fedha hizo zinajenga vituo vya afya na madarasa kule ambako hakuna.

Hapa nitasema wazi, sikuwahi kuipinga hoja ya kuchangia. Kijiji ambacho mjamzito hubebwa kwa bodaboda usiku kwenda kujifungua kinajua thamani ya kituo cha afya. Ninachouliza ni nani aliyebeba mzigo huo kuliko wengine.

Mwenye mshahara hutumia benki. Mwenye duka kubwa mjini huenda na fedha zake mkononi. Anayetegemea simu kuliko wote ni kijana aliye kwenye duara kule Nyarugusu au Lunguya, anayetuma elfu thelathini nyumbani ili mama anunue mahindi. Anatuma "na ya kutolea", maana anajua mama hana ya kuongeza. Tozo ilimkata yeye anapotuma, kisha ikamkata mama anapotoa kwa wakala.

Wasikilizaji walituambia walichofanya. Wengine walirudi kutuma fedha kwa kondakta wa basi, na baadhi ziliishia njiani. Mawakala walituambia wateja wamepungua. Lakini kelele zilifika juu na kiwango kikashuka. Hilo nalo ni funzo: mwananchi akisema kwa hoja, akaonyesha meseji ya makato yake, anasikika. Tatizo ni kwamba hatujaendelea kuuliza. Tuliishia kwenye "imepunguzwa" tukanyamaza. Mwaka ujao, kwenye mkutano wa kijiji, swali liwe: kwa fedha hizo, kata yetu imepata nini? Mtendaji wa kata ana wajibu wa kujibu.

Chanjo na maneno ya mtaani

Januari 27, akiwa Chato, Hayati Rais Magufuli alitilia shaka chanjo za corona mbele ya nchi nzima. Julai 28 Rais Samia alichanjwa hadharani, siku chache baada ya nchi kupokea zaidi ya dozi milioni moja za Johnson & Johnson. Kati ya siku hizo mbili ilipita miezi sita tu.

Sasa jiweke kwenye viatu vya bibi wa kijijini. Mwanzoni mwa mwaka aliambiwa na mkubwa anayemwamini kwamba ajihadhari. Katikati ya mwaka anaambiwa na mkubwa mwingine aende. Hakuna aliyekaa naye chini ya mwembe kumweleza kilichobadilika. Pengo hilo likajazwa na sauti za WhatsApp: chanjo inaondoa uzazi, chanjo inageuza mtu, aliyechanjwa atakufa baada ya miaka miwili. Hakuna lolote kati ya hayo lenye ushahidi, lakini yalifika mbio kuliko muuguzi wa zahanati.

Nasi redioni tulichangia. Kuna siku tulisoma maoni ya wasikilizaji moja kwa moja bila mtaalamu studio, na uvumi ukapita hewani kwa sauti yangu mimi mwenyewe. Ukishasomwa redioni, mtaani wanasema "hata redio imesema". Kesho yake tulimwita mganga wa zahanati akafafanua, lakini aliyesikia jana si lazima awe amesikia leo.

Funzo nililopata ni hili: mtu anayeogopa usimcheke. Woga wa wasikilizaji wetu haukuwa ujinga, ulitokana na kupewa maneno mawili yanayopingana na watu wawili wanaoheshimika. Dawa yake ni maelezo, tena ya mtu anayejulikana pale kijijini.

Binti aliye ndani

Nimrudie mama yule. Nilimpigia. Binti yake alipata ujauzito akiwa kidato cha pili, akaondolewa shule. Mtoto sasa anatembea. Kijana aliyehusika alihamia machimboni, na familia mbili "zilimalizana nyumbani".

Wengi wanadhani zuio lilianza Juni 2017, Rais Magufuli aliposema msichana akipata mimba asirudi shule. Ukweli ni kwamba wasichana wajawazito walikuwa wakifukuzwa miaka mingi kabla ya hapo, na kanuni za mwaka 2002 za kufukuza wanafunzi ziliupa utaratibu huo nguvu. Kauli ya 2017 iliufunga mlango ambao tayari ulikuwa umerudishiwa.

Wanaopinga waraka wana hoja, na sitawadharau. Mzee mmoja alisema: "Ukimrudisha mmoja, unawafundisha wengine kumi." Ni hofu ya mzazi. Lakini tuipime kwa yaliyotokea. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2010 ulionyesha kuwa katika mkoa wa Shinyanga wa zamani, kabla Simiyu na Geita hazijawa mikoa mwaka 2012, wasichana 59 kati ya kila 100 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza miaka 18. Adhabu ya kufukuzwa ilikuwepo wakati huo wote. Kama hofu ya kufukuzwa ingekuwa kinga, sisi tungekuwa tumepona zamani.

Na wenzetu wamejaribu njia nyingine. Kenya ina sera ya kuwarudisha tangu mwaka 1994. Zanzibar, nchi yetu hiyo hiyo, ilianza mwaka 2010. Shule zao bado zina nidhamu na bado zinafundisha.

Tena kuna sheria ambayo hatuitaji kwenye mabishano yetu. Tangu mwaka 2016, anayempa mimba au kumwoa mwanafunzi wa msingi au sekondari anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Kwa nini kesi nyingi hazifiki mwisho? Kwa sababu ng'ombe hufika kabla ya polisi. Shahidi ni mama, mama anategemea shemeji, shemeji ameshapokea. Binti ndiye pekee aliyepewa adhabu, na aliipata bila mahakama.

Upande wa ndoa nako kuna deni. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi. Mahakama Kuu ilisema mwaka 2016, katika kesi iliyofunguliwa na Rebeca Gyumi, kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo. Leo tunafunga 2021, tumesherehekea miaka 60 ya Uhuru, na vifungu hivyo bado havijarekebishwa bungeni.

Kwa hiyo waraka ni mwanzo. Lakini waraka si sheria. Kilichoandikwa kwa waraka kinaweza kufutwa kwa waraka. Na waraka haumbebi mtoto wakati mama yake yuko darasani.

Nilimuuliza mama yule: binti anataka kurudi? Akasema anataka, lakini akanihesabia: sare, madaftari, nauli au kutembea, na nani akae na mtoto wakati yeye mama yuko shambani. Kaka yake binti yuko machimboni Geita, ndiye anayetuma fedha. Hapo ndipo nilipoona kwamba yale niliyoyafanya mada nne tofauti studio yote yako ndani ya nyumba moja. Tozo ilikata fedha za sare yake. Ushuru wa mgodi uliofungwa ungejenga darasa la karibu. Na siku mtoto alipougua, bibi aliogopa kwenda zahanati kwa sababu ya maneno aliyosikia, mengine labda kwa sauti yangu.

Tunafanyaje Januari?

Oktoba Serikali ilizindua mpango wa shilingi trilioni 1.3 za mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, unaojenga pamoja na mengine madarasa 15,000 nchi nzima ili yatumike mwezi Januari. Ukipita kwenye shule zetu utaona mafundi wakipaua. Nafasi za kukaa zitakuwepo. Swali ni nani atakaa.

Mzazi mwenye binti aliyeacha shule, nenda kwa mkuu wa shule aliyosoma au kwa afisa elimu wa kata, uliza utaratibu wa kumrudisha. Usisubiri kuitwa. Akikujibu "hatujapokea maelekezo", mwombe akuambie ni nani aliyenayo, na jina la binti liandikwe.

Ukijua mtoto anayeozeshwa au aliyepewa mimba, Dawati la Jinsia na Watoto lipo kituo cha polisi, na namba 116 ni ya kusaidia watoto, kupiga ni bure. Baba na kaka, kabla hamjapokea ng'ombe, hesabuni na gharama ya huyo binti miaka kumi ijayo.

Nasi redioni tuna deni letu. Kuanzia Januari, kwenye mada inayohusu wanawake na wasichana, nusu saa ya kwanza itakuwa ya wanawake kupiga. Ukibipu, tutakupigia sisi, ili salio lisikunyamazishe. Na swali halitakuwa tena "unakubali au unakataa". Tutauliza: nyumbani kwako, jambo hili linamgharimu nani?

Mama wa Nyahanga ameshakubali kuwa wa kwanza. Binti yake amesema naye anaweza kuongea, mtoto akilala.