Kitabu cha Vita Vidogo Kinaporudi Mitamboni

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii, ndugu msomaji, huitumia zaidi tunapozungumzia fedha za duka au mazao ya shamba. Leo naomba tuipeleke mahali ambapo pengine hukuitarajia, yaani kwenye michezo. Mchezo nao ni mali ya watu, na kanuni zake ndizo daftari lake. Daftari likitoweka, mchezo hufa kimya kimya, wala hapana atakayepigiwa mbiu kwamba umekufa.

Huenda ukanijibu upesi kwamba bao halina daftari na bado liko hai. Ni kweli. Mashimo yake 32 na kete zake 64 hufundishwa barazani: kijana husimama nyuma ya wazee, hutazama, hukaripiwa, kisha siku moja huketi yeye mwenyewe na kunamua. Lakini bao limepata bahati ambayo michezo mingi haikuipata. Lina wachezaji tele, nao hukaa pamoja, na mnyororo wa kufundishana haujakatika. Sasa fikiria mchezo uliotungwa na mtu mmoja, ukachezwa na watu wachache waliotawanyika katika miji mbalimbali, wasiojuana hata kwa sura. Mchezo wa namna hiyo hauna baraza. Baraza lake ni kitabu. Kitabu kikiacha kuchapwa, baraza limevunjwa.

Mchezo ninaotaka kukueleza ni ule wa vita vya askari wadogo wa kuchezea, unaopendwa sana Uingereza na Marekani. Watu wazima, pamoja na watoto wao, hupanga majeshi ya askari wa madini au wa plastiki juu ya meza au sakafuni, wakajenga vilima, mito na nyumba za maboksi, kisha wakapigana kwa kufuata kanuni zilizoandikwa. Kanuni hizo husema askari wa miguu atasogea umbali gani, mzinga utapiga mara ngapi, na nani ahesabiwe kuwa amekufa. Bila kanuni, kinachobaki ni vinyago mezani na ugomvi wa wachezaji.

Asili ya jambo hili ni ya kijeshi hasa. Mnamo mwaka 1812 afisa mmoja wa utawala wa Prusia, von Reisswitz, alimtengenezea mfalme wake meza maalumu ya kuigizia vita. Mwanawe, aliyekuwa luteni wa mizinga, aliurekebisha mchezo huo, na mwaka 1824 akachapisha kanuni zake zilizotumia ramani, dadu na mwamuzi. Kila zamu ilihesabiwa kuwa ni dakika mbili za vita. Mkuu wa majeshi wa Prusia alipouona alivutiwa nao, akaagiza utumike kufundishia maofisa. Luteni huyo alifariki mwaka 1827. Kanuni zake zilikaa katika Kijerumani cha zamani, na wapenzi wa mchezo wanaosoma Kiingereza walisubiri hadi mwaka 1983, Bill Leeson alipotoa tafsiri yake. Hesabu mwenyewe: ni takriban miaka 160. Laiti nakala zote za kitabu kile zingeliwa na mchwa, mchezo ule leo ungekuwa jina tu.

Kitabu kilichouleta mchezo huu nyumbani, kutoka kambini hadi sebuleni, ni cha mwandishi mashuhuri wa Uingereza, H. G. Wells, yule aliyetunga hadithi za safari za wakati na za wavamizi kutoka sayari ya Mirihi. Mwaka 1911 alitoa kitabu kidogo kuhusu michezo ya sakafuni aliyoicheza na wanawe wawili. Mwaka 1913 akatoa cha pili, kiitwacho "Little Wars", maana yake vita vidogo. Humo anasimulia kwamba mchezo ulianza baada ya chakula cha mchana, pale mgeni mmoja alipochukua mzinga mdogo wa kuchezea na kuanza kuwalenga askari wa watoto. Mgeni huyo ametajwa kitabuni kwa herufi J. K. J. tu, na kwa kawaida husemwa kuwa ni mwandishi Jerome K. Jerome.

Kanuni za Wells ni rahisi kueleweka. Pazia hutandazwa katikati ya uwanja ili kila upande upange jeshi lake bila kuonwa na mwenzake. Askari wa miguu husogea futi moja kwa zamu, na wapanda farasi futi mbili. Kila mchezaji hupewa dakika maalumu za kusogeza jeshi lake, na dakika zikiisha mikono inarudi nyuma, hata kama alikuwa hajamaliza. Mzinga huhesabiwa kuwa unafanya kazi iwapo askari wanne wa upande wake wako karibu nao, katika umbali wa inchi sita. Wakipungua, hausogei wala haupigi. Dadu hazimo kabisa. Mzinga wenyewe una springi, hurusha kijiti, na askari anayeanguka ndiye aliyekufa. Macho ya mpigaji na uthabiti wa mkono wake ndivyo vinavyoamua.

Kitabu kama hiki huishi kwa vipindi. Huchapwa, nakala zikaisha, kikaadimika, na nakala kuukuu zikauzwa kwa bei ambayo mfanyakazi wa kawaida haiwezi. Kisha anatokea mtu wa kukirudisha mitamboni. "Little Wars" kilirudishwa mwaka 1970 kikiwa na dibaji ya Isaac Asimov, na mwaka 2004 kikatolewa tena nchini Marekani kikiwa na dibaji ya Gary Gygax, mmoja wa watungaji wa mchezo wa "Dungeons & Dragons" wa mwaka 1974. Huko Uingereza kuna mradi uitwao History of Wargaming Project, chini ya John Curry, unaorudisha vitabu vya kanuni vilivyoadimika, vikiwamo vya Donald Featherstone, ambaye kitabu chake cha mwaka 1962 kiliwaingiza wengi katika mchezo huu.

Je, kazi ya kurudisha kitabu cha kanuni ni ngumu kiasi gani? Wengi hudhani ni kupiga picha kurasa na kuzipeleka kiwandani. Haiko hivyo.

Kwanza ni suala la haki. Kitabu kinaweza kuwa kimeadimika madukani kwa miaka mingi na bado kikawa na mwenyewe kisheria. Wells alifariki mwaka 1946. Sheria ya Uingereza hulinda kazi ya mwandishi kwa miaka 70 baada ya kifo chake, kwa hiyo nchini humo vitabu vyake vilikuwa huru kuanzia tarehe 1 Januari 2017. Kwa vitabu vya watu waliofariki karibuni, mchapishaji hana budi kuwatafuta warithi na kuomba ruhusa. Tena warithi wenyewe mara nyingine hawajui kwamba marehemu aliwaachia haki hiyo.

Pili ni usahihi. Katika riwaya, neno moja likikosewa, msomaji hutabasamu na kuendelea. Katika kanuni za mchezo, neno moja hubadili mchezo wote. Mpiga chapa akiandika kwamba askari wa miguu husogea futi mbili badala ya moja, amefuta tofauti kati ya mtu na farasi, na vita vyote vimeharibika. Kwa sababu hiyo jedwali na tarakimu zinapaswa kusomwa na watu wawili, mmoja akitamka, mwingine akifuata kwa kidole katika nakala ya asili. Kisha kitabu kipewe watu ambao hawajapata kuuona mchezo huo, wajaribu kuucheza kwa kukisoma tu. Wakikwama, ndipo mahali penye kasoro pajulikane.

Tatu, na hapa ndipo penye mabishano, ni kama mchapishaji ana ruhusa ya kukitengeneza kitabu cha mwenzake. Wells katika jalada lake aliwataja wavulana wa miaka 12 hadi 150, kisha akawaongeza wasichana wale werevu zaidi wanaopenda michezo ya wavulana. Msomaji wa leo, hasa mama au dada, atakunja uso. Tena askari wa wakati ule, kama wale wa kampuni ya Britains, walikuwa wa madini ya risasi, na leo tunajua kwamba risasi ni sumu kwa watoto. Kutengeneza vinyago vya namna hiyo kulikoma Uingereza mwaka 1966. Na mzinga unaorusha kijiti ni hatari kwa macho. Je, tufute? Turekebishe?

Maoni yangu ni haya: maneno ya mwandishi yaachwe kama yalivyo, na maneno ya mchapishaji yakae mahali pake, katika dibaji au chini ya ukurasa, yakiwa na alama ya kuonyesha kwamba si ya mwandishi. Aliyeongeza kanuni aseme ameongeza. Aonye juu ya risasi na juu ya macho ya watoto, tena aonye kwa herufi nene. Kuhusu wasichana, jibu zuri si kulifuta neno la Wells. Jibu ni kumkaribisha binti yako mezani na kumwacha amshinde kaka yake. Ukifuta kosa la mzee, watoto hawatajua kwamba palikuwa na kosa, wala hawatajua ni nani aliyelisahihisha.

Lakini liko jambo moja zito kuliko hayo yote, nalo ni sababu hasa ya kuandika safu hii. Mwishoni mwa kitabu chake Wells anageuka. Baada ya kurasa nyingi za furaha ya mizinga na mashambulio, anamwambia msomaji kwamba vita vya kweli ni upuuzi uliopita kiasi, na kwamba mtu akicheza vita vidogo mara tatu au nne tu atatambua jinsi vita vikubwa vilivyo jambo la kuvurugika. Sakafuni hapavunjiki mwili wa mtu, na jioni askari wote hurudi katika boksi lao. Mchapishaji mwenye haraka angeweza kusema kwamba sura hiyo si kanuni, iondolewe ili kitabu kiwe chepesi na bei ishuke. Angekosea sana. Sura hiyo ndiyo kanuni iliyo juu ya kanuni nyingine zote.

Angalia tarehe, ndugu msomaji. Kitabu kilitoka mwaka 1913. Mwaka uliofuata vita vikubwa vilianza Ulaya, na havikuishia huko. Mwezi Novemba 1914 majeshi ya Waingereza na ya Wajerumani yalipigana Tanga, na vita vikaendelea katika ardhi yetu hadi mwaka 1918. Wapiganapo tembo, nyasi huumia. Watu wa nchi hizi walikusanywa kwa makumi ya maelfu kubeba mizigo ya majeshi, na makumi ya maelfu walikufa, wengi wao kwa maradhi, njaa na uchovu. Unapokwenda sokoni Kariakoo unakanyaga kumbukumbu yao, kwa maana jina hilo limetokana na kikosi cha wapagazi, Carrier Corps. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927 nayo ni ya kukumbuka vita hivyo hivyo.

Askari wa madini hali, haugui kuhara, wala hahitaji mtu wa kumbebea gunia la mchele kutoka bonde hadi mlima. Ndiyo sababu ni rahisi kumpeleka vitani. Mtoto anayejifunza kanuni za futi moja na futi mbili, asiambiwe jambo hili, amejifunza nusu ya mchezo, tena nusu iliyo hatari. Aliyeambiwa, atacheza kwa furaha ile ile, na huenda akikua akawa mgumu kudanganywa na mtu anayesema kwamba vita ni jambo la wiki mbili.

Kwa hiyo nawapongeza wanaovirudisha vitabu hivi mitamboni, maadamu wanavirudisha vizima. Na wewe mzazi, siku mwanao atakapoletewa mchezo wa namna hii na mjomba aliyetoka safari, usimwachie boksi na kuondoka. Keti naye, soma kanuni kwa sauti, pima futi kwa rula ya shule, cheza, shindwa ikibidi. Mkimaliza, kabla askari hawajarudishwa ndani, mwulize swali moja: kama hawa wangekuwa watu, ni nani angewabebea chakula, na ni wangapi wangerudi nyumbani?